Maswali ya wasomaji: kola, kaptula na lango la klabu ya gofu

Wiki tatu zilizopita niliandika sentensi moja tu, tena mwishoni mwa makala ya mambo mengine, kwamba klabu za gofu zingefaa kulegeza kidogo masharti ya mavazi. Simu haijapoa tangu siku ile. Kuna walionishukuru, na kuna mzee mmoja aliyeniambia nirudi kwenye kandanda niliyoizoea. Leo najibu baadhi ya mliyoniuliza.

Hivi fulana ya kola ni sheria ya gofu au ni sheria ya klabu? (Msomaji, Tabata)

Ni ya klabu. Kitabu cha sheria za gofu, kinachotolewa kwa pamoja na vyombo viwili vinavyosimamia mchezo huu duniani, R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, kinakueleza ufanye nini mpira ukizama majini, ukinasa mtini au ukisogezwa na mnyama. Kuhusu kola hakisemi neno. Ukimaliza mashimo 18 kwa mipigo 70 ukiwa kifua wazi, mbele ya kitabu hicho alama zako ni halali, ila sidhani kama kamati itakuacha ufike shimo la pili. Kitabu kinaipa kamati nafasi ya kujitungia kanuni za mwenendo, na humo ndimo mavazi yanamochomekwa. Kwa hiyo mtu akikuambia “gofu hairuhusu”, msahihishe taratibu: ni klabu hii ndiyo hairuhusu. Na la klabu hupelekwa kwenye mkutano mkuu, wanachama wakanyoosha mikono, likabadilika.

Haya mambo ya mavazi yalianzia wapi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo habari ninayoipenda.

Wachezaji wa zamani wa Uskoti na Uingereza walikuwa wakivaa makoti mekundu. Viwanja vyao havikuwa na uzio. Ilikuwa ardhi ya wote: huyu anachunga, yule anaanika nguo, watoto wanakimbizana, na katikati yao mabwana wanarusha mipira migumu kama jiwe. Koti jekundu lilimwambia mpita njia aangalie kichwa chake. Mpaka leo, ukitaka kucheza Wimbledon Common kule London, lazima nguo yako ya juu iwe nyekundu, kwa sababu watu bado wanakatiza pale na mbwa wao. Kati ya masharti yote ya mavazi niliyowahi kusikia, hilo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Lina kazi, na kazi yake inaonekana.

Mengine mengi yalikuwa nguo za wakati wake tu. Mabwana wa karne ya 19 walicheza na koti na tai kwa sababu ndivyo walivyovaa kila walikokwenda, hata sokoni. Zikaja suruali za kufungwa chini ya goti na soksi nene. Na hiyo fulana ya kola fupi, ile ambayo vijana wa Dar wanaiita fomu siksi, wala haikuzaliwa kwenye gofu. Aliyeipa umaarufu ni René Lacoste, mcheza tenisi wa Ufaransa, katika miaka ya 1920, alipochoka kukimbizana na mpira ndani ya shati la mikono mirefu. Enzi zake ilikuwa utundu. Leo inalindwa kama fimbo ya chifu.

Sisi huku tulipokea kifurushi kizima, pamoja na reli na posta. Klabu ya gofu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, na kila palipokuwa na mkoloni wa kutosha pakapatikana kiwanja na kibao cha masharti. Humo mlikuwa na soksi ndefu za kufika magotini kwa anayevaa kaptula. Soksi za bwana shauri! Nimewauliza wengi soksi ile ilikuwa inakinga nini. Mmoja tu ndiye aliyejaribu kunijibu: nyoka.

Mimi ni mwanachama kwa miaka thelathini na moja. Leo mtaruhusu jinzi, kesho kandambili, keshokutwa kifua wazi. Heshima itabaki wapi? (Mzee wa Arusha)

Shikamoo mzee wangu. Kwenye kandambili tuko pamoja. Asubuhi nyasi zina umande, mtu anazungusha fimbo kwa nguvu zake zote, mguu ukiteleza tunambeba. Hata viatu vya gofu vyenyewe vimeshabadilishwa kwa sababu ya maana: vile vya njumu za chuma, vilivyokuwa fahari ya zamani, klabu nyingi zimevipiga marufuku kwa kuwa vinachana nyasi za kuzunguka shimo, na nafasi yao imechukuliwa na njumu laini. Uliviacha bila kulia, mzee, kwa sababu ulielezwa sababu.

Hicho tu ndicho ninachoomba. Kila sharti litaje linalinda nini: nyasi, usalama, au utulivu wa wenzako. Kaptula ya kufika gotini inamdhuru nani? Mpira hauoni ugoko. Jinzi, nakiri, mimi mwenyewe siwezi kuchezea, inakaza kiunoni ukigeuka. Lakini hiyo ni adhabu tosha, mchezaji ataijua mwenyewe kufikia shimo la nne. Na akikaa ukumbini na jinzi safi anakunywa chai yake na kulipa, sijui chai inaharibika vipi.

Heshima ya gofu ninayoijua mimi ni mtu kujihesabia mipigo yake bila mwamuzi, akaongeza mmoja ambao hakuna aliyeuona. Ni kufukia kishimo ulichochimba kwa fimbo, kusawazisha mchanga ulioukanyaga, kunyamaza mwenzako akilenga. Nimewaona waliochomekea vizuri kabisa wakiusogeza mpira kwa ncha ya kiatu. Nadhani na wewe umewaona.

Waliotuletea mchezo wenyewe wamelegeza? (Msomaji, Nyali, Mombasa)

Kwa kusuasua. PGA Tour ya Marekani, ule mzunguko wa mashindano ya wanaume wa kulipwa, iliruhusu wachezaji kuvaa kaptula mwezi Februari 2019, lakini siku za mazoezi na zile raundi za kucheza na wadhamini tu. Siku ya mashindano ni suruali ndefu hata jua liwe la Dodoma mwezi wa kumi. Mzunguko wa Ulaya, European Tour, ulikuwa umetangulia kulegeza hivyo hivyo mwaka 2016. LIV, ile ligi ya fedha za Saudi Arabia, ikaachia kaptula hata kwenye mashindano yenyewe mwaka 2022.

Oktoba 2020, Mwingereza Tyrrell Hatton aliushinda ubingwa wa BMW PGA pale Wentworth, nje kidogo ya London, akiwa amevaa hudi, ile sweta yenye kofia mgongoni. Watu walibishana kuhusu ile kofia kuliko walivyozungumzia mipigo yake. Na Aprili 2024, kwenye Masters, mashindano makubwa ya klabu ya Augusta huko Marekani, Jason Day wa Australia aliombwa avue kizibao chake chenye maandishi makubwa. Akavua, mchezo ukaendelea.

Naomba nichomeke jambo hapa. Augusta hiyo hiyo haikuwa na mwanachama mwanamke mpaka mwaka 2012. Klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews ilipiga kura ya kuwapokea wanawake mwaka 2014. Klabu ya Muirfield, nayo ya Uskoti, walikataa mwaka 2016, wakaondolewa kwenye orodha ya viwanja vya kuchezea The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, wakapiga kura tena 2017 na safari hii wakakubali. Miaka yote hiyo ndani ya kuta zile watu walikuwa wamevaa vizuri sana.

Navaa hijabu na ningependa kujifunza. Nitaruhusiwa? Na kwa nini wanawake wanaruhusiwa fulana isiyo na mikono lakini wanaume hapana? (Dada, Zanzibar)

Dada yangu, sheria za gofu hazina neno kuhusu hijabu, na sijaona kibao cha klabu huku kwetu kinachoikataza. Suruali pana, blauzi ndefu ya mikono, mtandio uliobanwa vizuri usipeperuke usoni wakati wa kupiga: umekamilika, tena jua halikupati. Kama kibao cha klabu kinasema “fulana ichomekwe ndani”, zungumza na ofisi mapema kuhusu blauzi yako ndefu. Sharti hilo liliandikwa akifikiriwa mwanamume mwenye mkanda. Wakikukatalia, niandikie.

Kuhusu mikono, umenishika pabaya. Sina utetezi, ni desturi tu. Na msidhani wanawake wameachiwa. Mwaka 2017 LPGA, mzunguko wa mashindano ya wanawake wa Marekani, ilitoa waraka wa kukataza vifua vilivyo wazi mno na suruali za kubana zisizo na sketi juu yake, faini yake dola 1,000. Mwanamume anaulizwa kola, mwanamke anapimwa kifua na sketi. Ukiweka vibao viwili sambamba utaona nani anatazamwa zaidi.

Mimi ni kedi, nawabebea wachezaji mifuko ya fimbo. Jumatatu tunaruhusiwa kucheza. Juzi nilirudishwa getini kwa sababu ya fulana ya shingo ya duara. Ni haki? (Kijana, Moshi)

Pole sana, mdogo wangu. Nami nimewahi kuwa kedi, kwa hiyo msomaji mwingine akiona ninaegemea upande mmoja, ameona sawa.

Kwenye klabu niliyobebea mifuko nilirudishwa getini namna hiyo hiyo, fulana ya duara, nyeupe, imefuliwa na kupigwa pasi. Nikakaa chini ya mwembe kungoja wenzangu. Haikupita nusu saa akaingia mwanachama na fulana isiyo na kola, ile ya shingo ya kusimama. Ilikuwa miaka ile Tiger Woods alipokuwa akizivaa, na kila mwenye uwezo akawa nazo. Mlinzi akampigia saluti. Nilimuuliza mlinzi, akanijibu kwa ukweli ambao sijausahau: “Yule namjua.”

Ndiyo maana sharti lenyewe halinisumbui kama linavyosumbua namna linavyotumika. Mlinzi hana kosa, naye analinda kibarua. Likiachwa mikononi mwake bila maandishi, linageuka kipimo cha sura. Kule Masters kedi huvaa ovaroli nyeupe ili ajulikane ni kedi, na mpaka mwaka 1983 mchezaji hakuruhusiwa kuja na kedi wake mwenyewe pale. Walibeba vijana wa klabu, karibu wote weusi. Nguo kwenye gofu imefanya kazi nyingi, na hiyo nayo ni mojawapo.

Kwa sasa fanya hivi. Fomu siksi nzuri ya mtumba utaipata kwa bei ya nauli, tena nyingine zina nembo za klabu za Ulaya na Marekani ambazo wanachama wenu hawajawahi kuzikanyaga. Halafu nendeni, wewe na wenzako, kwa nahodha wa klabu na ombi moja: getini pawekwe fulana tano za kuazima. Klabu inayomudu kumwagilia ekari zote zile haiwezi kushindwa na fulana tano.

Kofia ndani ya jengo la klabu? (Msomaji, Kampala)

Vua. Sina sababu ya kukupa, lakini haikugharimu kitu na inawafurahisha wazee. Barakashia ni mlango mwingine, anayekuambia uivue mwombe akuonyeshe palipoandikwa.

Bosi amenialika Jumamosi, mara ya kwanza maishani. Nivae nini? (Msomaji mwenye haraka, Mbezi)

Fomu siksi ya rangi moja, uchomekee. Suruali ya kitambaa, isiwe jinzi wala ya mifuko ya pembeni. Vita vya kaptula tuachie sisi. Raba safi zenye soli bapa zinatosha, viatu vya gofu usinunue kwanza, unaweza usiupende mchezo. Kofia ya jua na maji ya kunywa. Piga simu mapokezi Ijumaa uulize masharti yao, usimuulize bosi, atasema “vaa chochote” kwa kuwa yeye hajawahi kurudishwa. Na weka soksi za pili kwenye mfuko. Mkianza saa moja asubuhi, za kwanza zitakuwa zimelowa umande kabla hamjamaliza shimo la tatu.