Papa shilingi: mara ya kwanza niliona mkia tu

Ndugu yangu umeuliza mambo mawili, kwanza kama mtu wa Mombasa asojua kuogelea vizuri anaweza kwenda kuogelea na papa shilingi, yule papa mkubwa wa madoa madoa, na pili kama umuamini yule jamaa wa ufuoni alokwambia "utamshika kwa mkono kabisa". La pili jibu lake ni hapana, hata usimpe advansi. La kwanza ni ndio, lakini ngoja nikueleze manake mie nshaenda mara mbili na hizo safari mbili ni mbingu na ardhi.

Ya kwanza ilikuwa Diani, mwezi wa pili, kaskazi ikivuma vizuri na bahari imetulia. Jina la hao walonipeleka silitaji na msinifuate inbox. Nilivuka feri alfajiri, nikapanda matatu, kufika pale tunapewa miwani na snokeli za kugawana, yangu ile sehemu ya kuuma tayari ina alama za meno ya mtu mwengine, nikasema haya bismillahi. Tukazunguka kama masaa mawili hivi hatuoni kitu. Alafu kijana alokaa juu akapiga kelele papa papa! Basi nahodha akakanyaga moto, akampita yule samaki, akaja kukata mbele yake kabisa, "rukeni rukeni!" tukajitupa sote kwa pamoja kama watoto wanoruka kutoka ukutani, jamaa mmoja na laifu jaketi yake akanipiga teke la kipaji nikaona nyota. Nikainua kichwa, miwani imejaa maji, nikaona mkia. Mkia tu, unateremka. Boti zengine mbili zikafika na moshi wao, wakatuuliza yuko wapi. Yuko wapi!

Jambo ambalo sikulijua siku hio ni kwamba huyu si kama pomboo. Pomboo lazima apande juu kupumua, kwa hivo ukisubiri utamuona tena. Papa shilingi ni samaki, anapumua kwa mashavu, hana haja na hewa yetu, na akishuka anaweza kwenda zaidi ya kilomita moja chini. Anakuja juu sana sana kwa sababu chakula kiko juu. Ukimkera anakuachia uso wa bahari na pesa zako zimeenda.

Na kuhusu kuogopa, wacha kabisa. Anaitwa papa na ni papa kweli, tena ndo samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini meno yake ni kama punje za mchele na hayatumii kutafuna. Anafungua mdomo, anachuja vijidudu vya baharini, mayai ya samaki, vikamba vidogo na dagaa. Kitu cha kuogopa pale ni mkia, na propela ya boti ya jirani.

Safari ya pili nilienda Mafia, kile kisiwa cha Tanzania, na dada yangu, mwezi wa kwanza. Ni mbali, sikudanganyi. Basi la Mombasa mpaka Dar kupitia Lunga Lunga (mpakani niliulizwa kadi ya homa ya manjano, beba), alafu kutoka Dar kuna ndege ndogo kama nusu saa mpaka Kilindoni, ama ukiwa kama mie unashuka mpaka Nyamisati unapanda boti. Papa wanapatikana upande ule wa Kilindoni, msimu ni kama Oktoba mpaka Februari au Machi.

Nahodha alikuwa mzee mmoja mtaratibu mno, hata akaniudhi mwanzoni. Hatujatoka anauliza nani hajawahi kuvaa miwani, dada yangu akainua mkono, basi tukakaa maji ya kiunoni kama dakika ishirini dada akifundishwa kupumua kwa mdomo. Alafu sheria. Akasema kaeni pima mbili kutoka mwilini, na mkiani zidisheni kidogo, yaani ni kama zile mita 3 na mita 4 wanazosema sehemu nyengine. Hakuna kushika, hakuna flashi, hakuna kuruka, unateleza majini kimya kimya, na usimkate mbele. Boti moja kwa papa mmoja, mwengine akija asubiri zamu. Kule Ningaloo, Australia, ni hivo hivo, watu 10 tu majini kwa wakati mmoja. Mie moyoni nasema huyu mzee nae, kwani tumekuja shule?

Kumtafuta kwenyewe hakukuwa na teknolojia. Anaangalia ndege, anaangalia mashua za dagaa, akipita karibu anawauliza wavuvi, mumemuona? Mmoja akaelekeza kwa kidevu tu. Tukaenda polepole, mzee akatoa gia, akasubiri. Tukasubiri. Mie nshaanza kununa. Kisha akasema haya, mmoja mmoja, ukiingia angalia chini usiangalie huku na huku.

Maji hayakuwa ya buluu kama ya kwenye picha, yalikuwa ya kijani na ukungu ukungu, manake ndo chakula chenyewe hicho kimejaa. Sikuona kitu. Alafu kile kijani mbele yangu kikafanya madoa. Kwanza mdomo, karibu upana wa buti ya Probox, umeachama, na mbele yake visamaki vya manjano vyenye mistari vinaogelea kama vinamuongoza njia. Kisha jicho. Dogo mno kwa mwili ule, kama ndimu, na liliponifikia likajizungusha likaingia ndani kidogo kama mtu anokonyeza. Baada ya hapo ubavu ukapita, ukapita, ukapita, ni kama umesimama kando ya barabara matatu inakupita ila haina kelele. Alikuwa kama matatu moja na nusu kwa urefu na mzee akasema huyo bado mtoto! Akazunguka akarudi mwenyewe, mara tatu. Hakuna alomfukuza, kwa nini aende?

Nikitoka mwongozaji alokuwa nasi akaomba picha zangu za ubavu wa kushoto, nyuma ya mashavu. Kumbe yale madoa ni kama alama za vidole, hakuna wawili wanaofanana, na programu wanayotumia kuwatambua ilitokana na ile ya wanaastronomia, wale wanaochunguza nyota, ya kulinganisha mipangilio ya nyota. Tangu 2016 papa huyu ameorodheshwa na IUCN, lile shirika la kimataifa la kuhifadhi maumbile, kama aliye hatarini kutoweka, nyavu na meli ndo zinawamaliza.

Usiulize garantii ya kumuona. Oslob kule Ufilipino utamuona kila siku kwa sababu wanamlisha kwa mkono, mie siwezi kulipia hio.

Mengine haraka haraka. Diani bado unaweza kujaribu Januari mpaka Machi ila ni bahati, na kusi ikishaanza sahau. Kama shida yako ni matumbawe na pomboo, Kisite pale Shimoni inatosha, ni hifadhi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Vaa nguo ya mikono mirefu, mie nilivaa burkini yangu na hakuna alonishangaa, itakusaidia na jua na yavuyavu, manake palipo na chakula cha papa na wao wapo na wanawasha wallahi. Dada yangu hajui kuogelea hata sasa, alishika boya na mwongozaji akamvuta. Na usile mahamri sita na mbaazi asubuhi kisha upande boti, hilo nalisema kwa uchungu.

Huyo jamaa wako wa ufuoni muulize swali moja tu, mkifika mkute boti mbili zishamzunguka papa atafanyaje. Akikwambia tutaingia katikati yao, muage vizuri.

Mie narudi Mafia Januari inshallah, nauli nshaanza kuweka. Kama unakuja nunua miwani yako mwenyewe, za kukodi zinaingia maji.