Vumbi na mafusho kwenye karakana ya nyumbani: kwa mnaoanza

Karakana nyingi za vijana ninazoingia hapa Kisumu, iwe gereji ya Milimani au kibanda cha mabati nyuma ya nyumba kule Mamboleo, zina feni iliyoelekezwa usoni pa mwenye kazi. Feni inampoza, sikatai, joto la hapa tunalijua. Lakini pia inaokota vumbi lililokuwa linatua na kulizungusha chumba kizima, mpaka kwenye vanishi mbichi, mpaka kifuani. Nimelisema hili kwa mdomo mara nyingi mno. Nawapenda, wadogo zangu, kwa hiyo sasa naliandika.

1. Vumbi la kuogopa ni lile usiloliona. Maranda ya randa yaliyolala sakafuni yanafagiliwa na kuishia kwenye banda la kuku. Hatari iko kwenye unga wa mashine ya msasa, zile chembe zisizofika maikroni 10 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Jaribu usiku mmoja: maliza kusugua ubao, zima mashine, zima taa, kisha mulika hewa kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Utaona hewa yote imejaa. Nenda ukanywe chai, urudi, umulike tena. Bado zinaelea. Sasa niambie kwa nini unavua barakoa pale tu mashine inaponyamaza. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza mwaka 1995 kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, hasa ya ndani ya pua. Mvule wetu, mbao nzuri kuliko zote kwa maoni yangu, una unga unaowasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu. MDF, zile mbao za kiwandani za nyuzi zilizogandamizwa kwa gundi, ndiyo mbaya zaidi kwa ulaini wa unga wake, na gundi yake ina fomaldehidi, kemikali yenye sumu.

2. Likamate linapotoka. Unganisha bomba la vakyumu, mashine ya kufyonza vumbi, kwenye mashine ya msasa kabla ya kununua kifaa kingine chochote. Kati ya mashine hizo mbili weka ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa saikloni, ule unaozungusha hewa kama kimbunga, ili maranda yaangukie humo na kichujio kisizibe. Vakyumu isiyo na kichujio cha vumbi laini inatema unga uleule upande wa pili, tena ukiwa laini zaidi.

3. Jua upepo wako. Mchana hapa hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Kama unafanya kazi alasiri, feni ya kutoa hewa ikae kwenye dirisha lililopeana mgongo na ziwa, na dirisha la upande wa ziwa liwe wazi. Kazi ikae kati yako na feni, hewa safi ikujie kutoka nyuma. Chungulia nje kwanza: jirani akiwa ameanika nguo hapo, subiri aanue.

4. Usifunge madirisha ukipaka vanishi. Hapa ndipo ninapokosana na vijana, maana kila mmoja ana sababu, na sababu ni ileile: wale wadudu wadogo wa ziwani. Najua. Wakitoka ziwani kama wingu, taa moja inatosha kuwaleta wote, na mlango wa kabati uliopakwa unageuka kaburi lao.

Kijana mmoja niliyekuwa nikimwelekeza alinisimulia yaliyompata, na alitaka wengine wayasikie. Alikuwa na milango ya kabati ya kumaliza. Alianza kupaka sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao, iliyochanganywa na thina baada ya giza kuingia, taa ikiwaka. Wadudu walipoanza, alifunga madirisha yote. Wakapenya chini ya mlango wa nje. Akachukua gunia, akalisokomeza pale. Akawasha feni imwelekee kwa sababu chumba kilikuwa kimeanza kuchemka. Alikuwa na barakoa ya vumbi, akaamini amejikinga. Uwazi uliobaki ulikuwa mmoja tu, chini ya mlango wa kuingilia jikoni.

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Unashuka, unatambaa sakafuni na kufuata njia iliyo wazi. Feni ilikuwa inausukuma. Yeye mwenyewe hakusikia harufu tena. Pua ilikuwa imeshaizoea. Alijisikia mwepesi, mchangamfu, akaona kazi inakwenda vizuri. Jikoni mkewe alikuwa anapika kwa gesi, na mtoto anatambaa sakafuni, pale pale mvuke unapopita. Mama alisikia harufu, akazima gesi, akambeba mtoto nje, kisha akazunguka kwenda kugonga mlango wa karakana. Gunia lilikuwa limeukaza. Alipofanikiwa kuusukuma, alimkuta mumewe ameketi chini, brashi mkononi, anajibu maswali ambayo hakuulizwa.

Walipona wote. Kijana alitapika usiku ule na kuumwa kichwa siku iliyofuata. Kilichomtesa zaidi, aliniambia huku ameinamisha uso, ni ule moto wa jiko. Mvuke ungekolea kidogo tu, moto ungerudi kwa njia ileile mpaka kwenye kopo la thina.

Kwa hiyo paka asubuhi, mwanga wa jua ukiwepo na taa imezimwa, madirisha wazi, chandarua kimetundikwa dirishani. Mlango wa kuingia ndani ya nyumba ndio wa kuzibwa. Na moto wowote uzimwe kabla hujafungua kopo.

5. Barakoa ya N95 au FFP2 ni ya vumbi. Mvuke unataka kinyago chenye katriji za kaboni, na ukianza kusikia harufu ndani yake, katriji zimekwisha au hakijakukaa sawa.

6. Wanaochomelea: kwangua zinki kwenye bomba la mabati kwanza, na ufanyie kazi nje. Moshi ule mweupe huleta homa saa chache baadaye: baridi, jasho, viungo kuuma. Hapa kwetu kila mtu ataiita malaria na kukimbilia dawa. Nenda ukapime, na umwambie daktari ulichokuwa unachomelea. Kuhusu maziwa mnayohimizana kunywa ili kusafisha kifua: yanakwenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni. Kunyweni kwa sababu ni matamu.

7. Usijipulize nguo kwa kompresa. Usisugue kavu milango ya zamani mnayonunua nyumba zikibomolewa, maana rangi za miaka hiyo mara nyingi zina madini ya risasi (lead), yenye sumu; lowesha kwanza. Usitumie grainda ya chuma karibu na maranda, cheche hujificha humo na kuwaka mmeshalala. Na matambara yenye mafuta ya kitani msiyafinyange mkayatupa kwenye pipa: yanapokauka hutoa joto, na yakirundikana yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Tandaza kila moja peke yake kwenye kamba, nje, mpaka likakamae, ndipo ulitupe.