Kuigiza A Doll's House kwa sura ya Dar ya leo: anzeni na mkopo

Mkuu, umeuliza kikundi chenu kianzie wapi kuigiza A Doll's House ya Henrik Ibsen kama kisa cha Dar ya leo. Kikundi chetu kilishaifanya hivyo, nakujibu kwa tuliyoyapitia.

Msianze na mavazi, anzeni na mkopo. Tamthiliya ilitoka 1879, wakati mke wa mtu Norwei hakuweza kukopa bila ridhaa ya mumewe. Nora, mke katika kisa hiki, alitaka fedha za kumpeleka mumewe Torvald, aliyekuwa mgonjwa, Italia, akaghushi saini ya baba yake kama mdhamini, tena kwa tarehe ya siku tatu baada ya mzee kufariki. Leo mwanamke anakopa kwa simu akiwa ndani ya daladala. Msipoziba pengo hilo, watazamaji watajiuliza mapema: si angemwambia tu mumewe?

Kwetu wapo waliotaka aghushi saini ya mume kwenye rehani ya nyumba, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Kisheria inakaa vizuri. Nilipinga, na bado napinga. Hapo mume ndiye anakuwa ametapeliwa, na hasira zake za mwisho zinakuwa za haki. Uchungu wa kisa hiki ni kwamba Torvald aliokolewa maisha, na siku anayojua anawaza jina lake tu. Tukabaki na baba marehemu. Sababu ya kuficha ipo tayari kwa Ibsen: Torvald anachukia madeni tangu mwanzo, na Nora anajua kiburi chake kingeumia akijua anadaiwa fadhila na mke.

Mambo ya benki msiyaguse. Torvald kuwa bosi mpya, na Krogstad, mfanyakazi wa benki aliyemkopesha Nora, kuogopa kufukuzwa kazi, vinaeleweka bila kubadilisha kitu.

Kazi ngumu ni sanduku la barua. Kwa Ibsen barua ya Krogstad ya kumfichulia Torvald siri inaonekana kwenye kioo cha sanduku, na ufunguo anao Torvald. Ujumbe wa WhatsApp hauonekani na aliyekaa nyuma. Tukaweka simu ya mume kwenye chaji, juu ya stuli, mbele kabisa ya jukwaa. Ujumbe ukiingia, inawaka. Nora anaifuata, anabonyeza kidole, inakataa. Anafuta kioo kwa ncha ya khanga alama isibaki. Watu walikuwa wanampigia kelele: "Dada, anakuja!"

Ile ngoma ya Kiitaliano anayocheza ili Torvald asifungue barua, tuliiweka singeli, eti anajiandaa kwa sendofu ya jirani. Mume anamwambia apunguze kasi, na singeli haina pole pole. Inaingia sawasawa.

Mwisho wa kisa Nora anamwacha mume na watoto, anatoka na mlango unabamizwa. Mtashinikizwa asiondoke. Mwaka 1880 mwigizaji wa Ujerumani aliyecheza Nora alikataa kuwaacha watoto, Ibsen akaandika mwisho mwingine kwa shingo upande. Msiufuate.

Hakimiliki: Ibsen alifariki 1906, maandishi yake ya asili ni huru, ila tafsiri huwa na mwenyewe. Ombeni ruhusa kabla hamjatangaza.

Na mlango wa plaiwudi hautoi kishindo. Wekeni geti la chuma nyuma ya jukwaa, na mtu wa kulibamiza asimame pale anapomsikia Torvald.