Kwa binti yangu anayetaka kuwa mkaguzi wa nishati

Kericho

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza iwapo ni busara kuiacha kazi ya ufundi umeme hapo kiwandani Nairobi, baada ya miaka miwili tu, ili uwe mkaguzi wa nishati, yule anayechunguza ni wapi umeme na kuni vinapotea bure. Tena unauliza ni nani atakayemwamini msichana wa umri wako akimwambia mwenye kiwanda kwamba anapoteza fedha. Mimi si mhandisi. Hata hivyo, kwa miaka 19 nililipa bili za umeme za kiwanda cha chai, na ripoti za wakaguzi zililetwa mezani pangu, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyezipokea.

Kazi ipo, kwa kuwa sheria iliifungulia njia. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliagiza kwamba mtumiaji mkubwa, yaani anayefikia yuniti (kWh) 180,000 za umeme kwa mwaka, akaguliwe angalau mara moja kila miaka mitatu na mkaguzi mwenye leseni, kisha achukue hatua za kupata angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Hizo ni yuniti 15,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hoteli kubwa au hospitali hukifikia bila shida. Leseni hutolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli nchini Kenya, na shahada peke yake haitoshi. Utahitaji mafunzo na uzoefu, na ndiyo maana nakusihi utafute kwanza mkaguzi mwenye leseni umfuate siku zako za mapumziko, hata kama kazi yako itakuwa kumshikia ngazi na kuandika namba.

Sasa nikusimulie yaliyonipata. Kampuni ya kwanza ya ukaguzi ilikuja kwetu siku mbili, mchana, ikapita na kamera ya joto, ile inayoonyesha sehemu zenye joto kali, ikaondoka, na baadaye ikaleta kitabu kinene ambacho pendekezo lake kuu lilikuwa kubadilisha taa zote. Niliidhinisha malipo mimi mwenyewe. Taa zilibadilishwa, mwezi ukaisha, bili ikaja, nami nikaitazama kwa uchungu kwa sababu ilikuwa imepungua kidogo mno. Baadaye nilitambua kwamba taa hizo zilinunuliwa kwa kampuni hiyo hiyo ya ukaguzi. Mwanangu, usiuze kamwe kifaa unachokipendekeza, wala usipokee asante ya muuzaji, kwani siku hiyo hiyo neno lako litakuwa halina uzito tena kwa mhasibu yeyote.

Mkaguzi wa pili alikuwa mzee kiasi, na alifika saa mbili usiku. Nilishangaa, lakini kiwanda cha chai hakilali: majani mabichi hulazwa kwenye vitanda virefu vya kunyaushia, na feni kubwa huyapulizia hewa kwa saa nyingi hadi alfajiri. Aliweka kiganja chake juu ya majani, akanyamaza, kisha akamuuliza kijana wa zamu kwa nini feni zinazunguka kwa kasi ile ile ya jioni ilhali majani yameshalegea. Kijana akajibu kwamba swichi ina hali mbili tu, kuwaka na kuzima. Hapo ndipo fedha zetu zilipokuwa zikipotelea. Wewe unaijua hesabu hii kuliko mimi: nguvu inayohitajika na feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi yake, yaani 0.8 × 0.8 × 0.8 ni karibu 0.51, hivyo ukiipunguza kasi hadi asilimia 80, umeme unaotumika hushuka hadi karibu nusu. Lakini hakukimbilia kuandika. Alikaa kwanza na msimamizi wa unyaushaji na kumuuliza kasi ipunguzwe saa ngapi bila kuharibu chai, maana mkaguzi anayeokoa umeme na kuiharibu bidhaa hatarudi kiwandani humo.

Kutoka hapo alikwenda kwenye boila, mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke, akaokota magogo mawili ya kuni na kuyagonganisha. Yalitoa mlio mzito, wa mti uliojaa maji. Mzee wa boila alicheka kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye ameulizwa, akaeleza kwamba kila msimu wa mvua yeye huchoma kuni nyingi zaidi ili kuyakausha maji hayo kwanza kabla ya kupata mvuke. Alikuwa ameyasema hayo miaka mingi, wala hakuna aliyeyaandika. Banda la kukaushia kuni likajengwa.

Ripoti ya mzee yule ilikuwa fupi, na kila pendekezo lilikuwa na gharama yake, miezi ya kuirudisha, na cheo cha mtu atakayelitekeleza. Niliielewa bila kumwita mhandisi. Uliuliza nani atakuamini: ni mhasibu atakayeelewa ulichoandika, na mzee wa boila atakayeona maneno yake yamo ndani.

Kwa hiyo usiache kazi mwaka huu. Usikope fedha kununua kipimia moshi wala kamera ya joto. Vifaa hivyo ni ghali na wakubwa wako wa mafunzo watakuwa navyo. Chama cha Watengenezaji Bidhaa Kenya (KAM) huendesha mafunzo ya nishati, nami nitakusaidia ada. Omba zamu ya usiku hapo ulipo. Muombe meneja ruhusa ya kuziona bili za miezi 12, na usitazame yuniti peke yake: angalia mzigo wa juu kabisa uliotozwa kwa kVA, yaani kipimo cha umeme mnaouvuta kwa wakati mmoja, kwa kuwa nusu saa moja ya kuwasha mitambo yote kwa pamoja huamua malipo hayo ya mwezi mzima, kisha uone kama mnatozwa faini ya pawa fakta (sehemu ya umeme mnaouvuta ambayo hufanya kazi kweli) kushuka chini ya 0.9.

Akikuruhusu kuzitoa nje, funika jina la kiwanda uniletee nakala utakapokuja Aprili. Nitakuwa nimenoa penseli, na tutazisoma pamoja pale mezani, mwezi baada ya mwezi.

Mama yako