Kabla hujaikata klipu ya farasi kuanguka, jua kama aliinuka

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuediti michezo, hasa nyie mnaokuja pale kwetu Ngamiani, Tanga, na laptop begani na hamu kubwa, naomba niwaambie jambo moja ambalo mi lilinichukua miaka kulielewa na hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Ni habari ya ajali. Mbio za farasi, za baiskeli, za ngalawa, zote zina ajali, na ipo siku mtu atasimama nyuma ya kiti chako akwambie hiyo ya kuanguka iweke mwanzo, ndio watu watakaa.

Mi niliambiwa hivyo mwaka wangu wa pili kazini. Nilikuwa kwenye kituo kimoja Dar, tunapokea picha za mbio za farasi kutoka nje, tunazikata kuwa kipindi cha nusu saa, mtangazaji anaweka sauti ya Kiswahili juu yake, basi. Watazamaji walikuwa kiduchu. Huku kwetu farasi si mchezo tuliokulia nao, labda majirani zetu wa Nairobi wenye uwanja wao wa Ngong, ila kijana wa Tanga mbio za farasi anazijua kwenye tivii ya kibanda cha kubeti, wale farasi wa kompyuta ambao hakuna anayeuguzwa wala kuzikwa, dakika chache tu zinaanza mbio nyingine. Sa bosi akasema tutafute kitu cha kuwashtua watu. Nikatengeneza promo, yaani tangazo fupi la kipindi, ya sekunde ishirini, farasi watatu wanaanguka, nimewapunguza spidi, ngoma nzito chini, na yule wa mwisho nikamkatia palepale shingo inapogusa majani halafu kioo kinakuwa cheusi linatokea jina la kipindi.

Na watu walikuja kweli, siwezi kuwadanganya kwamba haikufanya kazi. Komenti zilijaa, nikapongezwa kwenye kikao cha Jumatatu, nikajiona nimeshajua kazi.

Idi ikafika nikarudi nyumbani Tanga, nikaenda kumwamkia mjomba wangu Makorora. Huyu mzee ameishi na punda tangu mi sijazaliwa, wamebeba maji wamebeba mchanga, watoto wake wamesoma kwa mgongo wa punda. Tivii iko wazi tunakula pilau, promo yangu ikapita, nikasema kwa fahari mjomba hiyo nimetengeneza mimi. Akaacha kula. Akaniuliza, "Yule wa mwisho aliinuka?" Nikasema sijui mjomba. Akasema, "Sasa mwanangu, umeitengeneza wewe halafu hujui kama aliinuka?"

Hakunigombeza wala hakuongeza neno, akaendelea kula. Ila mi lile tonge halikushuka.

Niliporudi kazini nikafungua picha nzima kama ilivyokuja, ile ambayo haijakatwa. Nusu dakika hivi baada ya pale nilipokatia wanakuja watu mbio na zile pazia za kijani wanamzungushia. Pazia zile si lazima ziwe na maana ya kifo, jueni hilo, daktari wa wanyama anazitumia pia akiwa anamhudumia farasi ambaye baadaye anasimama mwenyewe. Lakini huyu nilimtafuta kwenye taarifa za mbio za siku ile, hakuinuka. Nilikuwa nimewauzia watu dakika ya mwisho ya kiumbe, kwa wiki tatu, mara nyingi kwa siku.

Mtu akikuuliza mbona mguu tu unamuua farasi, uwe na jibu, maana mtazamaji wetu atauliza. Farasi wa mbio ana karibu nusu tani na anakimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na mguu wake kuanzia goti kwenda chini ni mfupa na mishipa, nyama hakuna. Ukivunjika huwezi kumlaza kitandani miezi mitatu kama binadamu, lazima asimame, akisimama miguu iliyobaki inabeba uzito wote na kwato zinaanza kuugua. Ndio yaliyomkuta Barbaro kule Marekani. Farasi huyu alishinda Kentucky Derby, mbio kubwa za kule, Mei 2006, wiki mbili baadaye kwenye mbio nyingine kubwa za Preakness akavunjika mguu wa nyuma mbele ya umati na kamera za tivii, akafanyiwa upasuaji mkubwa, na watu wakafuatilia hali yake mwezi hadi mwezi, wanatuma kadi, maua na matufaha hospitalini, mpaka Januari 2007 madaktari walipolazimika kumuua kwa dawa asiteseke, kwa sababu ya kwato. Miezi minane watu wanauliza swali lilelile la mjomba wangu. Kwa hiyo anayekwambia mtazamaji anataka tu kuona mwanguko hajamsikiliza mtazamaji. Mwanguko unamshtua, anachotaka kujua ni kilichofuata, na sisi ndio tunaomkatia pale.

Sasa msinielewe vibaya mkaanza kuficha kila ajali, hilo nalo ni kosa na mi sikubaliani na wanaosema tukate kila kitu kiwe kisafi. Chukua Grand National ya Uingereza, pale Aintree, Liverpool, mbio ndefu za karibu kilomita saba na viunzi 30 vya kuruka. Mwaka 1967 farasi mmoja aliyebaki bila mpanda alikatiza mbele ya kiunzi cha 23, wenzake wakarundikana pale, wengine wakagoma kuruka, na Foinavon ambaye alikuwa nyuma kabisa na hakuna aliyempa nafasi, dau lake 100 kwa 1, yaani ukimwekea shilingi moja akishinda unapata faida ya mia, akapita pembeni akaruka peke yake akaenda kushinda. Huwezi kusimulia mbio zile bila ule mrundikano, ndio mbio zenyewe, na kiunzi kile leo kinaitwa kwa jina la Foinavon. Pale onyesha, tena onyesha vizuri mtu aelewe imekuwaje.

Halafu kuna 2011, uwanja uleule. Farasi wawili walikufa mzunguko wa kwanza, na mzunguko wa pili waliobaki wakaelekezwa kupita pembeni ya viunzi viwili, na kamera ya juu ikaonyesha mizoga imefunikwa turubai huku mbio zinaendelea. Watu walikasirika sana, mwaka uliofuata wakafa tena wawili. Lakini kwa sababu watu waliona, wenye mbio walibanwa, 2013 mbao ngumu zilizokuwa ndani ya viunzi zikaondolewa zikawekwa plastiki inayopinda, na 2024 wakapunguza idadi kutoka farasi 40 hadi 34. Lingefichwa lile sidhani kama wangebanwa hivyo. Nalifikiria sana hili maana hapa ndipo kazi yetu ilipo ngumu, picha ileile ukiiweka kwenye habari ikiwa na maelezo, inaweza kuokoa farasi wa mwakani, ukiitia ngoma ukaipunguza spidi ukaiweka mwanzo wa promo inakuwa biashara ya maumivu, na kinachotofautisha ni mkono wako wewe uliyekaa kwenye kompyuta.

Kwa hiyo mi nafanya hivi. Wakati wa mbio farasi akianguka nabaki na picha pana, sivuti karibu, nasubiri. Marudio siyaweki mpaka tujue mpanda na farasi wako salama, na wakishakuwa salama narudia mara moja kama inasaidia kueleza matokeo. Kama hawako salama mtangazaji anasema wazi kwa maneno, kafa, kaumia, hatujapata taarifa, maneno yanatosha. Kentucky Derby ya 2008 farasi Eight Belles alimaliza wa pili, akavuka mstari, ndio akaanguka, vifundo vyote viwili vya mbele vimevunjika, matokeo hayakubadilika hata kidogo lakini kunyamaza kungekuwa kuwadanganya watu. Anatajwa, marudio ya nini? Na kwenye promo ajali haiingii kabisa, hata ya yule aliyeinuka akajikung'uta.

Bosi atakuuliza sasa watu tutawapataje. Swali la haki, usimnunie. Mi nilimjibu wa kwangu kwa kazi, nikakata promo nyingine, mpanda anamsemesha farasi wake kabla ya kuanza, masikio ya farasi yamesimama, mlango unafunguka, zile mita mia za mwisho wawili wako sambamba huwezi kusema nani. Haikuja na komenti nyingi kama ile ya kwanza. Ila waliokuja walikaa hadi mwisho wa kipindi, wale wa promo ya ajali walikuwa wanaondoka dakika za mwanzo tu wakiona hakuna aliyeanguka.

Siku hizi niko Tanga, farasi nakata mara chache, nyingi ni ngalawa za Raskazone na baiskeli, na utaratibu ni uleule. Ngalawa ikipinduka kamera inabaki mpaka vichwa vyote vihesabiwe juu ya maji, ndio tunaendelea na mshindi. Na jambo la mwisho la kuwaelekeza mkikaa kwenye kompyuta yangu: kila klipu ya ajali mbele ya jina la faili kuna neno moja, kaamka, hakuamka, au sijui. Za "sijui" haziendi hewani. Zimebaki kumi na moja, nyingine za miaka ile ya Dar, nikipata nafasi usiku natafuta moja moja. Juzi nimepata ya mpanda mmoja na farasi wake mwekundu, wote wawili walisimama, nikabadilisha jina la faili halafu nikampigia mjomba kumwambia.