Usiikimbie namba ndefu, ibane

Juzi msomaji wa Kasulu kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Namba ikishavuka tarakimu sita kichwa kinagoma. Nifanyeje?" Marahaba, mdogo wangu. Najua wote mnaonisoma mnaitafuta A ya hesabu, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja: usikimbilie kugawanya. Ibane kwanza.

Mimi nafundishia 4,294,967,297. Inatoka hivi: 2 mara 2 ni 4, jumlisha 1 unapata 5. 4 mara 4 ni 16, jumlisha 1, 17. Ukiendelea unapata 257, halafu 65,537. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na zenyewe. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse kule Ufaransa katika karne ya 17, akaamini mlolongo huo utazaa tasa siku zote. Inayofuata ndiyo hii yetu, na mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa si tasa.

Ukitaka kujaribu kila namba tasa hadi 65,536 (kipeuo cha pili cha namba yetu, ukiacha desimali), zipo 6,542. Daftari gani litatosha? Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibaki 1. Basi orodhesha: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Zile zinazogawanyika kwa 3 au 5 zitupe. Zinabaki tano tu! Mvuvi wa Kibirizi, hapa Kigoma, hatandazi wavu ziwa zima; anawasha karabai, dagaa wanajileta.

Binti mmoja wa kidato cha pili anayesoma tuisheni kwangu hapa Mwanga aliifanya wiki iliyopita nyuma ya karatasi ya mtihani wa zamani. 641 kwenye 4294 inaingia mara 6, baki 448. Akashusha 9: mara 7, baki 2. Akashusha 6, ikawa 26, haiingii, akaandika sifuri. Akashusha 7, ikawa 267, sifuri tena. Hapo ndipo wengi huteleza, wanaandika sifuri moja na kuendelea. Yeye hakuteleza. Akamaliza na 6,700,417, baki hakuna. Nilijisikia kama nimefaulu mimi, na sioni aibu kusema.

Maana kuna shule hapa mjini nilikofundisha zamani, niliiandika namba hii ubaoni, mkuu wa idara akaifuta darasa zima likitazama. "Haiji kwenye mtihani." Mpaka leo linanikera. Vijana wangu, anayewaambia mkariri yanayokuja tu anawapunja. Namba ina tabia zake. Ukizijua tabia, urefu hautishi. Angalia tarakimu ya mwisho, jumlisha tarakimu uone kama 3 inaingia, uliza baki. Nasisitiza: uliza baki. Na muwe na nidhamu ya kuandika kila sifuri, simu mkaziweke mbali, mkalale mapema.

Wewe wa Kasulu, kazi yako wiki hii: gawanya 4,294,967,297 kwa 193, bila kikokotoo. Baki iwe 109. Kisha kwa 257, baki iwe 2. Ukipata tofauti, kagua sifuri zako kabla hujaniandikia.