Mlio wa mpira haukai na picha: anza na muda

Salama mkuu. Nimekuelewa hivi: katuni yako ina mpira mkubwa unaodunda, umeuwekea mlio wa "tii", na kila anayeitazama anasema sauti haikai, ila hawezi kueleza kwa nini.

Usibadilishe mlio kwanza. Angalia muda. Sogeza fremu moja moja hadi mpira uguse chini, uone mlio unaanzia wapi. Sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, mtazamaji huanza kuhisi kasoro. Ikichelewa, huvumilia hadi karibu 125. Tumezoea hivyo: mwanga wa radi huonekana kabla ngurumo haijasikika.

Kama muda uko sawa, basi mkosaji ni huo "tii". Sauti nyembamba watu huihusisha na kitu kidogo, angavu, kilicho juu. Sauti nzito na kitu kikubwa kilicho chini. Mimi niliwahi kumwekea tembo wa katuni hatua zenye mlio mwembamba, nikachekwa mpaka basi. Niliushusha mlio uleule ukawa mzito, picha sikuigusa, na tembo akapata uzito.

Umbo nalo lina lake. Mwanasaikolojia Wolfgang Köhler aliandika habari hizo mwaka 1929: mchoro wa mviringo wengi waliuita "baluba", ule wenye ncha "takete". Kwa hiyo mpira upe "dum", hizo "tiki tiki" ziachie nyota.

Ukishamaliza, mwoneshe mtu ambaye hajaiona ya kwanza. Waliokwisha kuizoea watakuchanganya tu.